Maswali ya Wasomaji: Karlovy Vary na kipimo cha maji yake

Katika toleo lililopita tuligusia miji 11 ya chemchemi za tiba barani Ulaya ambayo UNESCO iliiingiza kwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021. Mitatu kati yake iko Ucheki, na barua zilizotufikia karibu zote zinaulizia mmoja tu: Karlovy Vary, ambao Wajerumani wanauita Karlsbad. Zilizofanana tumeziunganisha. Majibu ni haya.

Nimesikia mji huu uligunduliwa na mbwa wa mfalme. Ni kweli, au ni hekaya ya kuuzia watalii?
*Msomaji, Tanga*

Hekaya yenyewe ni ya zamani kuliko utalii, ila ni changa kuliko mji. Inasema Kaisari Karel wa Nne, aliyekuwa na makao yake Prague katika karne ya 14, alikuwa akiwinda kwenye misitu ya magharibi ya Bohemia, yaani sehemu ya magharibi ya Ucheki ya leo. Mbwa wake mmoja akimkimbiza kulungu akatumbukia kwenye maji ya moto, akalia, na wawindaji wakaja kuona kulikoni. Kaisari akautia majini mguu wake uliokuwa ukimsumbua, akapata nafuu, akaamuru mji ujengwe. Simulizi hii ilichapishwa mwaka 1571 na tabibu Fabian Sommer, yaani miaka 200 na zaidi baada ya windo hilo.

Kilicho na hati ni hiki: tarehe 14 Agosti 1370 Karel aliwapa wakazi wa mahali hapo haki zilezile za mji jirani wa Loket. Hati ya namna hiyo huandikiwa watu ambao tayari wapo. Kwa hiyo maji yalikuwa yakijulikana kabla ya mbwa yeyote kuungua.

Sisi wa Bonde la Ufa tumezoea maji moto ya Bogoria, na sababu yake tunaijua. Ucheki hakuna volkano hai. Joto linatoka wapi, na mbona maji yanaruka juu bila pampu?
*Msomaji, Nakuru*

Swali zuri, maana kule nako kuna ufa. Bonde la mto Ohře limelala juu ya ufa wa kale wa ardhi, na volkano zake zilizimika zamani. Kilichobaki ni nyufa ndefu zinazoshuka mbali sana, na gesi ya kaboni dioksaidi inayozidi kupanda kutoka vilindini.

Maji yenyewe ni ya mvua. Yananyesha kwenye vilima vya jirani, yanazama polepole kwenye nyufa za mawe ya graniti hadi kina cha kilomita mbili hivi, na huko yanapashwa na joto la kawaida la ardhi. Volkano haihitajiki: kadiri unavyoshuka chini ndivyo mwamba unavyozidi kuwa wa moto. Yakiwa huko yanayeyusha chumvi za mawe na kukutana na ile gesi. Kisha yanarudi juu pale nyufa za pande mbili zinapokatana, na bahati iliyoje, mkatano huo uko katikati ya bonde jembamba la kijito cha Teplá, ambamo mji umejibana.

Kinachoyarusha ni gesi. Chini, shinikizo ni kubwa, gesi imeyeyuka majini kimya. Yakikaribia juu shinikizo linapungua, mapovu yanatoka kwa pamoja na kuyasukuma maji mbele yao, kama soda iliyotikiswa kabla ya kufunguliwa. Ndivyo Vřídlo, chemchemi kuu, inavyoruka hadi mita 12 ikiwa na nyuzijoto 73 hivi, na kutoa takriban lita 2,000 kwa dakika.

Wageni wanaonyeshwa chemchemi 12 za kunywa na kudhani ni maji 12 tofauti. Sivyo. Ni maji yaleyale yaliyopita njia tofauti kuja juu. Njia fupi huleta maji ya moto yenye gesi kidogo, njia ndefu huyapoza, na maji yaliyopoa hushika gesi zaidi. Madini yaliyomo yanakaribia kulingana: gramu 6 na kitu kwa lita, nyingi zikiwa sodiamu, salfeti, baikaboneti na kloraidi. Tofauti ya joto na gesi inatosha kubadili yanavyofanya tumboni, kama itakavyoonekana mbele.

Mimi ni fundi bomba. Maji ya chumvichumvi ya hapa kwetu yanaziba mabomba kwa mwaka mmoja. Wao wanafanyaje na maji ya nyuzi 73 yenye madini kiasi hicho?
*Msomaji, Unguja*

Wanapigana nayo kila siku, fundi, na hawajawahi kushinda moja kwa moja.

Sababu ni hiyohiyo gesi. Kaboni dioksaidi ikiwa majini huifanya chokaa ibaki imeyeyuka. Maji yakifika hewani gesi inatoroka, na chokaa haina tena kinachoishikilia. Inaganda papo hapo kwenye chochote kilicho karibu: ukuta wa bomba, koki, kingo za beseni. Madini ya chuma nayo yanashika oksijeni na kuigeuza ile chokaa rangi ya kahawia. Jiwe linalotokea linaitwa vřídlovec. Kitaalamu ni aragonaiti, gumu kiasi cha kukatwa na kung'arishwa kuwa mapambo. Kwa hiyo mabomba na visima vinazibuliwa kwa ratiba na kwa kukwangua, haingojwi mpaka vizibe. Bomba ambalo halifunguki kirahisi halifai kazi hiyo.

Wachuuzi wa mji wameligeuza tatizo kuwa biashara. Waridi la karatasi linawekwa mahali maji ya Vřídlo yanapolimwagikia mfululizo. Baada ya siku kadhaa kila petali imevaa ganda la jiwe la kahawia, lenye chembechembe ukiligusa, na kingo zake bado nyembamba. Ukilivunja utaiona karatasi ndani. Likiachwa mno petali zinaungana na waridi linakuwa donge tu, haliuziki.

Lakini hatari kubwa iko chini ya miguu ya watu. Kwa maelfu ya miaka maji yamejijengea ukoko wa jiwe hilohilo chini ya bonde, na sehemu ya mji wa zamani imekaa juu ya ukoko huo. Chini yake kuna maji na gesi vyenye shinikizo. Tundu la kawaida likiziba, maji hutafuta pengine pa kutokea. Mara kadhaa katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 yalitoboa ghafla, hasa kwenye sakafu ya kijito cha Teplá, na chemchemi zilizokuwa zikitumika zikadhoofika kwa sababu shinikizo limepata mlango mwingine. Dawa ilikuwa kulikomea tundu jipya kwa mawe na magogo, na kulizibua la zamani. Siku hizi maji yanachukuliwa kwa visima vilivyochimbwa kupita chini ya ukoko, na uchimbaji wa misingi ya majengo katikati ya mji unawekewa masharti makali. Ukitoboa pasipo ruhusa, si nyumba yako tu unayoiharibu; unaweza kuiua chemchemi ya jirani.

Je, ni kweli kwamba zamani wagonjwa walilazwa majini hadi ngozi ikachubuka? Na nani aliyebadilisha utaratibu huo?
*Mwanafunzi wa uuguzi, Dodoma*

Ni kweli, na walichubuliwa kwa makusudi. Hapo ndipo historia yote ya mji huu ilipo. Katika miaka 650 maji hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni kipimo.

Mwanzoni tiba ilikuwa kuoga tu. Mgonjwa aliketi kwenye beseni la mbao la maji ya moto saa nyingi kwa siku, na kwa siku nyingi mfululizo. Ngozi ililainika, ikavimba, kisha ikapasuka. Matabibu wa wakati huo waliamini ugonjwa ni majimaji mabaya mwilini yanayotafuta njia ya kutoka, kwa hiyo ngozi iliyopasuka ilipokelewa kama ishara njema. Ukiijua nadharia, matendo yao yanaeleweka. Hayakuwa salama, lakini yalikuwa na mantiki yake.

Mwaka 1522 tabibu Wenzel Payer alichapisha huko Leipzig kitabu cha kwanza cha kitabibu juu ya maji haya, akashauri yanywewe pia na si kuogewa tu. Ushauri ulipokelewa, halafu ukavukishwa mipaka. Karne mbili zilizofuata unywaji uliongezeka hadi wagonjwa wakawa wanakunywa vikombe kwa makumi kila siku, tena vyumbani mwao, wamejifungia kwenye joto ili watoke jasho. Hesabu mwenyewe: maji yana salfeti ya sodiamu, ambayo ni dawa ya kuharisha. Mtu akinywa lita kadhaa anaharisha, anapoteza maji na chumvi za mwili, anadhoofika. Wakati uleule ini na figo zake zinashughulikia chumvi ambayo hakuizoea. Waliorudi nyumbani wembamba walisifiwa kwamba wametakasika.

Aliyekata mzizi wa fitina ni Dk. David Becher, mzaliwa wa mji huohuo, aliyeishi kati ya mwaka 1725 na 1792. Aliyapima maji kikemia na kuieleza nafasi ya gesi iliyomo, na hilo likambadilishia kila kitu. Kama gesi ni sehemu ya dawa, basi maji yaliyochotwa kwa ndoo na kupelekwa chumbani si dawa ileile tena. Ndipo akataka mgonjwa aende mwenyewe kwenye chemchemi, anywe papo hapo, anywe kidogo, na atembee kati ya kikombe na kikombe. Kuoga hakukufutwa, kulifupishwa tu na kuunganishwa na kunywa. Vilevile alianzisha utengenezaji wa chumvi kutokana na maji ya Vřídlo, ambayo ilikuja kuuzwa mbali.

Ukitazama mji ulivyo leo, barabara za kutembelea, njia za msituni, mabaraza ya nguzo, utaona umejengwa kumfuata Becher. Mgonjwa anayelala chumbani hahitaji baraza. Anayetakiwa kutembea robo saa kati ya kikombe na kikombe anahitaji mahali pa kutembea hata mvua ikinyesha.

Ongeza kwamba mji uliokwenda na ushauri huo ni mpya kuliko unavyodhaniwa. Mafuriko ya mwaka 1582, moto wa mwaka 1604 uliobakiza nyumba tatu tu kati ya 102, na moto mwingine wa mwaka 1759 viliufuta ule wa zamani karibu wote.

Nafundisha historia. Wanafunzi wangu hawataki kuamini kwamba Karl Marx alikwenda kwenye mji wa matajiri kunywa maji. Alikwenda?
*Mwalimu, Mwanza*

Alikwenda mara tatu, Mwalimu: 1874, 1875 na 1876. Ini lilikuwa likimsumbua, na daktari alimwelekeza huko.

Safari ya kwanza ilikuwa na hatari yake. Mwaka huo wa 1874 aliomba uraia wa Uingereza akanyimwa, kwa hiyo aliingia himaya ya Austria, iliyoutawala mji huu wakati huo, bila pasipoti ya taifa lolote la kumkinga. Kwenye daftari la wageni alijiandikisha kama Charles Marx wa London, mtu anayeishi kwa mali yake. Daraja hilo lilimlipisha ushuru wa wageni mara mbili, na alimweleza rafiki yake Friedrich Engels kwa barua kwamba faida yake ni kutomfanya atiliwe shaka. Gazeti moja la umbea lilimfichua hata hivyo.

Barua hizo zina faida nyingine, maana zinaonyesha mfumo wa Becher ulivyofanya kazi miaka 80 baada ya kifo chake. Saa 12 asubuhi Marx na binti yake Eleanor wako kwenye chemchemi, kila mmoja kwenye ile aliyopangiwa. Yeye vikombe saba. Kati ya kikombe na kikombe dakika 15 za kutembea huku na huko. Baada ya cha mwisho, matembezi ya saa nzima, na ndipo kahawa. Saba kwa makumi ya zamani, hiyo ndiyo tofauti. Na hata saba leo ni vingi.

"Maazimio ya Karlsbad" tuliyosoma shuleni yanahusiana vipi na chemchemi?
*Msomaji, Bujumbura*

Yanahusiana kwa kalenda. Mwezi Agosti mabwana wakubwa wa Ulaya ya Kati walikuwa kwenye maji, na Metternich, waziri wa Austria, aliona ni rahisi kuwakusanya huko bila kelele. Machi 1819 mwanafunzi Karl Ludwig Sand alikuwa amemuua mwandishi August von Kotzebue mjini Mannheim. Agosti hiyo mawaziri wa dola za Kijerumani walikutana Karlsbad wakaandika masharti: magazeti na vijitabu vikaguliwe kabla ya kuchapwa, wahadhiri wanaoshukiwa wafukuzwe, vyama vya wanafunzi vivunjwe. Baraza la Shirikisho mjini Frankfurt liliyapitisha Septemba mwaka huohuo, na yakadumu hadi 1848. Mshairi wa Kijerumani Goethe, aliyekuja Karlsbad mara 13 kati ya mwaka 1785 na 1823, alikuwa mjini kiangazi hicho.

Tunataka kumpeleka mama yetu, ana umri wa miaka 68, ana kisukari na nyongo humsumbua. Tafadhali tuelezeni hatua kwa hatua kunywa maji kunafanyikaje, na kipi hukosewa.
*Dada wawili, Muscat*

Mpeni mama salamu zetu. Jambo la kwanza linafanyika Muscat, si Ucheki. Daktari wake aandike ripoti ya sasa: vipimo vya figo, presha, sukari, moyo, na picha ya mfuko wa nyongo. Kila lita ya maji haya ina takriban gramu 1.7 za sodiamu. Kwa kipimo cha kawaida cha mililita 600 kwa siku anaingiza gramu moja, nusu ya kikomo cha siku kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, kabla hajala chochote. Mwenye moyo dhaifu, presha isiyodhibitika au figo zilizochoka hatakiwi kuyanywa. Mwenye jiwe lililoziba njia ya nyongo vilevile, kwa sababu maji yanachochea nyongo itiririke na njia haipo.

Akifika, ataonana na daktari wa hapo. Huyo ndiye anayemwandikia chemchemi ipi, kiasi gani, saa ngapi. Utaratibu uliozoeleka ni mara tatu kwa siku, mililita 200 hivi kila mara, asubuhi kabla ya staftahi na tena kabla ya milo mingine, nusu saa hadi saa moja tumbo likiwa tupu. Maji yananywewa kwa funda ndogondogo huku anatembea taratibu. Kikombe kimoja kichukue dakika tano hadi kumi. Si mashindano. Tiba kamili kwa jadi ni wiki tatu hadi nne, ikiambatana na chakula kilichopangwa, mabafu na matembezi. Siku tatu ni utalii, na hakuna ubaya, ila msitegemee matokeo ya wiki tatu.

Yanayokosewa ni haya. Kuonja chemchemi zote 12 kwa asubuhi moja, jambo ambalo wageni wengi hulifanya, na mchana hawaondoki karibu na choo. Zile zilizopoa zina gesi zaidi na hulegeza tumbo kwa nguvu. Zile za moto ni pole zaidi na hutuliza. Kuchanganya ni kutibu na kutibua kwa pamoja. Kosa jingine ni kunywa baada ya kula, ambapo maji yanakuta tumbo linafanya kazi nyingine. La tatu ni kuacha dawa za kisukari kwa sababu "maji yanatibu." Hayatibu kisukari. Yanaambatana na chakula kidogo na kutembea kwingi, na mambo hayo mawili ndiyo yanayoshusha sukari. Ndiyo maana apime kila siku, maana dozi yake ya nyumbani inaweza kuwa kubwa kwa maisha ya kule akashukiwa na sukari barabarani. Awe na kitu kitamu mfukoni.

Kwa umri wake, angalieni pia sakafu za kando ya vyanzo. Mawe yana ute wa madini na yanateleza.

Kile kikombe bapa ambacho mkono wake ndio mrija, ni pambo tu?
*Msomaji, Toronto*

Kina kazi mbili. Mrija unayapeleka maji nyuma ya meno, kwa sababu madini ya chuma huyatia rangi meno ya anayekunywa kwa wiki kadhaa. Na unakulazimisha unywe kidogokidogo, usiungue. Chukua cha kauri. Osha mrija kila siku kwa maji ya kawaida, la sivyo utaziba kwa chokaa kama bomba la fundi wetu wa Unguja.

Hapa mjini kuna duka linauza "chumvi ya Karlsbad" ya pakiti. Je, inatosha badala ya safari?
*Msomaji, Nairobi*

Kwanza tazama ni ipi. Chumvi halisi ni ile inayotolewa kwa kukausha maji ya Vřídlo. Ya kutengenezwa imekuwa kwenye vitabu vya wafamasia wa Ujerumani kwa muda mrefu, na mchanganyiko wake si siri. Katika kila gramu 100: salfeti ya sodiamu iliyokaushwa gramu 44, salfeti ya potasiamu gramu 2, chumvi ya mezani gramu 18, baikaboneti ya sodiamu gramu 36. Gramu 6 ndani ya lita moja hutoa maji yanayokaribia yale ya chemchemi kwa chumvi zake.

Yanakaribia kwa chumvi tu. Gesi haipo, chuma hakipo, joto ni lako mwenyewe. Kinachobaki ni dawa ya kuharisha ya nguvu ya wastani, na itumiwe kwa heshima hiyo: siku chache kwa tumbo lililofunga, kamwe si kila asubuhi "kusafisha mwili." Anayeinywa mfululizo hupoteza potasiamu, misuli ikaanza kukaza, na tumbo likazoea kusukumwa. Wenye presha wasiiguse. Wengi hukosea kwa kupima kwa kijiko kilichojaa na kukoroga kwenye glasi moja, hapo umeshazidisha mara kadhaa. Tumia mizani.

Na maji ya chupa ya Mattoni, ambayo baadhi yenu mmeyauliza, si ya chemchemi za moto. Ni maji baridi ya Kyselka, jirani na Karlovy Vary, yaliyoanza kufungwa kwenye chupa na Heinrich Mattoni katika karne ya 19. Ni kinywaji cha mezani.

Je, chemchemi hizi zinaweza kukauka siku moja?
*Msomaji, Lubumbashi*

Watu wa mgodini mnauliza swali la mgodini, na jibu lake lilishatolewa jirani. Teplice ni mji mwingine wa maji moto huko Bohemia ya kaskazini, unaofahamika sana kwa wagonjwa kutoka nchi za Ghuba. Tarehe 10 Februari 1879 wachimbaji wa makaa ya mawe kwenye mgodi wa Döllinger, karibu na Duchcov, walitoboa ukuta wenye maji. Mgodi ulifurika, wachimbaji wakafa, na baada ya siku chache tu chemchemi kuu ya Teplice ikanyamaza. Maji moto na maji ya mgodini yalikuwa yanashiriki nyufa zilezile. Ililazimu kuchimba shimo kuyafuata maji yaliposhukia na kuyavuta kwa pampu.

Karlovy Vary nao umezungukwa na makaa, upande wa Sokolov. Kwa sababu hiyo kuna kanda za hifadhi ambamo uchimbaji unadhibitiwa kwa kina na kwa umbali, na kina cha maji na shinikizo la gesi vinapimwa muda wote. Tishio halisi ni hilo. Ukame wa msimu mmoja hausumbui, maji yanayotoka leo yalinyesha zamani sana.

Nasoma usanifu majengo. Mabaraza ya nguzo ni ya mtindo gani, na kwa nini moja linaonekana geni kabisa kati ya mengine?
*Mwanafunzi, Dar es Salaam*

La kuanzia ni Mlýnská, la mawe, lenye nguzo 124 za mtindo wa Korintho, lililojengwa kati ya 1871 na 1881 kwa ramani za Josef Zítek, yuleyule wa Ukumbi wa Taifa wa Maigizo mjini Prague. Limefunika chemchemi tano. Wakati huo reli ilikuwa imeshafika (1870), wageni wakawa maelfu kwa maelfu, na foleni za asubuhi hazikuwa na pa kujikinga. Wenzake wa zama hizo, Ferdinand Fellner na Hermann Helmer wa Vienna, walijenga Tržní la mbao mwaka 1883, jeupe, lililochongwa kwa tundutundu. Lilikusudiwa liwe la muda. Lipo hadi leo, kwa ukarabati usiokwisha, kwani mvuke na mbao havipatani.

Hilo unaloliona geni ni la Vřídlo. Fellner na Helmer walilijengea baraza la chuma cha kusubu mwaka 1879. Mwaka 1939, chini ya utawala wa Wanazi, lilibomolewa na chuma chake kikachukuliwa. Palikaa pengo mpaka 1975, lilipokamilika la zege na vioo la Jaroslav Otruba, likapewa jina la Yuri Gagarin. Wengi hulichukia. Sisi tunaona lina haki yake: mvuke wa chemchemi inayoruka mita 12 unahitaji chumba kirefu chenye hewa, na vioo vinasafishika kuliko mapambo ya chuma yanayoshika chokaa.

Kwa nini mji wa Kicheki una majina ya Kijerumani kila mahali, na maandishi ya Kirusi?
*Msomaji, Kampala*

Hadi mwaka 1945 wakazi wengi walikuwa Wajerumani. Waliondoshwa kwa nguvu mwaka 1945 na 1946 baada ya vita, na nyumba za tiba zikataifishwa. Warusi wana historia ndefu hapo tangu Tsar Petro Mkuu, aliyekuja 1711 na 1712. Kanisa lao la Kiorthodoksi ni la miaka ya 1890. Baada ya 1989 walirudi kama wanunuzi wa nyumba na hoteli. Tangu vita vya Ukraine vya mwaka 2022, Ucheki imesitisha viza nyingi kwa raia wa Urusi, na hoteli zimelazimika kutafuta wageni kwingine, wakiwemo wa Ghuba.

Kufika kule kukoje, na maji yanalipiwa?
*Wasomaji kadhaa*

Viza ni ya Schengen. Kutoka Prague ni kilomita 130 hivi; basi la moja kwa moja huchukua saa mbili na kitu, wakati treni inazunguka kupitia Ústí nad Labem na kuzidi saa tatu. Maji ya kwenye mabaraza ni bure, kikombe ndicho cha kununua. Usijaze chupa ya kupeleka nyumbani: gesi itatoroka njiani, na utakapoifungua utakuta maji yenye mawingu na vumbi la kahawia chini.